Tunapekua hati, hatuipekui nyumba: je, halmashauri zianze kuwapa leseni wakaguzi wa nyumba?

Mnunuzi wa Kusini (Arusha)

Wanajukwaa, salamu. Ninaomba tuijadili hoja hii kwa utulivu, nami nitaanza na yaliyonikuta ili ieleweke kwa nini sina usingizi nayo.

Mwezi wa Januari mwaka juzi nilinunua nyumba ya vyumba vitatu upande wa kusini wa Jiji la Arusha, kwa akiba ya miaka mingi pamoja na mkopo wa benki. Kabla ya kulipa nilifanya kila jambo ambalo mtu mwangalifu hulifanya katika mji huu. Nilikwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa hati, nikamwona mwenyekiti wa mtaa, nikawauliza majirani wa pande zote juu ya mipaka, nikamlipa wakili aandike mkataba, na benki ikamleta mthamini wake. Ukimjumlisha dalali, watu watatu walilipwa kutokana na nyumba ile, na hakuna hata mmoja aliyepanda darini au kuinama kuutazama msingi. Mimi mwenyewe niligonga mlango wa mbele, nikauona ni wa mninga, nikaridhika. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, nasi tunaisema methali hiyo kwenye harusi na kuisahau siku ya kununua nyumba.

Masika yalipoingia, nyufa zilianza kwenye pembe za madirisha na kushuka mshazari kuelekea chini, kwa ngazi, zikifuata mistari ya tofali. Mlango wa chumba cha watoto ukakataa kufunga. Plasta ya sebuleni ilipobanduka tuliona ufa wa zamani uliokuwa umejazwa saruji na kupakwa rangi mpya juu yake. Fundi niliyemwita alichimba kando ya ukuta na kunionyesha udongo mweusi, ule unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na msingi uliokuwa umekaa juu yake bila kuufikia udongo mgumu. Nilikuwa nimenunua wakati wa kiangazi, nyumba ikiwa imetulia.

Muuzaji aliniambia kwamba niliiona nyumba kwa macho yangu. Wakili aliniambia, kwa upole, kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kunyamaza peke yake si udanganyifu isipokuwa pale ambapo mtu alikuwa na wajibu wa kusema, na kwamba kuthibitisha kuwa ufa ulifichwa kwa makusudi ni kesi ya miaka. Nilipoirudia ripoti ya mthamini nikagundua kwamba haikukosea lolote, kwa sababu yeye aliulizwa nyumba ina thamani gani sokoni, hakuulizwa kama ni mgonjwa.

Hoja yangu ni hii. Halmashauri za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, mradi Waziri azikubali. Kwa nini Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi zisianzishe leseni ya wakaguzi wa nyumba, ili mnunuzi ajue anamwita nani, na mkaguzi akidanganya ajue atanyang'anywa nini? Tayari tumezoea jambo kama hilo kwenye umeme: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huwapa leseni mafundi umeme kwa madaraja, na TANESCO, shirika la umeme, haikuungi mpaka fomu ya mfumo wa nyaya isainiwe na mwenye leseni. Sioni kwa nini nyaya zilizo ndani ya ukuta ziwe na mtu wa kuulizwa, na ukuta wenyewe usiwe naye.

Mhandisi wa Sakina

Pole sana, ndugu. Ningependa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo neno "leseni" huyachanganya. Ipo leseni ya biashara, ambayo halmashauri huitoa kwa muuza duka na kwa mwenye saluni, nayo haipimi ujuzi wa mtu. Inathibitisha tu kwamba amelipa na anajulikana alipo. Ipo pia leseni ya taaluma, ambayo humjaribu mtu kabla ya kumruhusu na humwadhibu akikosea. Ninaogopa kwamba tukiiachia halmashauri jambo hili, tutapata ile ya kwanza iliyovikwa koti la ile ya pili.

Usajili wa taaluma tunao tayari kitaifa. Wahandisi tuna bodi yetu, makandarasi wana yao, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi wana yao. Wathamini nao walipata bodi kwa sheria ya mwaka 2016. Hata hivyo, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36, na bodi zote tatu za ujenzi zilikuwapo. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka lingine Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Baada ya msiba ule ndipo ilipoundwa tume ya kuyakagua majengo ya Kariakoo. Siwalaumu wenzangu. Ninasema tu kwamba karatasi haijawahi kushikilia nguzo.

Swali langu kwako ni hili: je, kabla ya kununua, ulikatazwa kumwita mhandisi aliyesajiliwa? Hukumwita kwa sababu hakuna desturi ya kumwita, na desturi haiundwi kwa leseni.

Fundi Mstaafu (Pasua, Moshi)

Nimewasoma, wanangu. Nimejenga na kukarabati nyumba Moshi na vijiji vyake tangu nikiwa kijana, na sina cheti zaidi ya kile cha darasa la saba. Naomba mniruhusu niseme mkaguzi hufanya nini hasa, kwa maana naona mnagombania leseni ya kazi ambayo hamjaieleza.

Ukiniita kuitazama nyumba, mimi huanzia nje, tena mbali, ili nione kama mstari wa paa umenyooka au umelala kama mgongo wa ng'ombe mzee. Kisha huzunguka ukuta nikitazama maji ya mvua yanakwenda wapi, kwa sababu maji yanayosimama kwenye msingi ndiyo yanayouza nyumba mara mbili. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta haunitishi. Huo ni wa saruji kukauka haraka. Ufa unaoingiza sarafu, unaopanda kwa ngazi au unaotokea ndani na nje mahali pamoja, huo una baba yake chini ya ardhi. Nikiingia ndani hugonga plasta kwa kifundo cha kidole, na palipo patupu pananijibu. Huchukua mpira wenye maji, ule tunaopimia usawa, nikaulinganisha mkanda wa madirisha kutoka pembe hadi pembe. Msingi ukiwa umezama upande mmoja, maji hayasemi uongo. Hupanda darini na tochi kutafuta njia za mchwa kwenye kenchi na madoa ya maji chini ya bati. Hufungua mabomba yote kwa pamoja. Hunusa shimo la maji taka, na kama nyumba iko mabondeni ambako maji ya ardhini yako juu, huuliza shimo hilo hunyonywa mara ngapi kwa mwaka, kisha humwuliza jirani swali hilohilo.

Kazi hiyo huchukua nusu siku. Kijana aliyemaliza chuo atakuja na leseni yake, atapiga picha kwa simu, ataondoka baada ya dakika ishirini. Halafu mimi, nisiye na karatasi, nitakuwa mhalifu nikimsaidia mpwa wangu asitapeliwe?

Lakini nitawaambia na jambo linaloniaibisha, kwa sababu nimeshastaafu na halinipunguzii mkate. Mara kadhaa niliitwa kutazama ufa, nami nikauita mkubwa kuliko ulivyokuwa, maana niliyekuwa naukagua ndiye niliyetarajia kulipwa kuuziba. Hilo leseni ingelikataza, ningenyamaza.

Dalali Mwaminifu

Mimi ni dalali, na najua tutatupiwa mawe katika uzi huu. Wateja wenyewe ndio wanaoharakisha. Nikimwambia mtu arudi na fundi, ananiuliza kama nina mnunuzi mwingine ninayemficha. Tena msisahau kwamba sehemu kubwa ya tunachouza ni mapagale na misingi iliyokwama, wala si nyumba zilizokamilika. Mkaguzi wenu ataandika nini juu ya pagale lililonyeshewa miaka sita?

Fundi Mstaafu (Pasua, Moshi)

Pagale ndilo la kukagua kuliko yote, mwanangu, kwa kuwa halijapakwa rangi. Nondo zilizochomoza juu zikiwa zimeliwa na kutu, unaziona bila kulipa mtu.

Aliyerudi (Usa River)

Niliishi miaka kadhaa katika jimbo la Minnesota, Marekani, na ninaona mjadala wetu unafanana na wa kwao kuliko tunavyodhani. Kule pia hawakubaliani. Jimbo la Texas huwapa wakaguzi wa nyumba leseni kupitia tume yake ya mali isiyohamishika na kuwataka wawe na bima ya angalau dola 100,000, ili mnunuzi aliyepotoshwa awe na mahali pa kudai. California, yenye watu wengi kuliko jimbo lolote, haina leseni ya namna hiyo kabisa, na watu hununua nyumba kila siku wakitegemea vyama vya hiari. Chama kimojawapo, ASHI, kilianzishwa mwaka 1976, na maadili yake humkataza mkaguzi kulipwa kwa kurekebisha kile alichokikagua kwa muda wa mwaka mmoja baada ya ukaguzi. Mzee wa Pasua atalielewa sharti hilo kuliko sisi sote.

Minnesota kama jimbo haitoi leseni kwa wakaguzi wa nyumba, lakini miji yake miwili mikubwa, Minneapolis na Saint Paul, ina sheria zake yenyewe, na hapo ndipo swali la mwanzilishi wa uzi linapopata mfano wa mji hasa. Katika miji hiyo muuzaji wa nyumba ndogo hawezi kuitangaza sokoni kisha akanyamaza. Humlipa mtathmini mwenye leseni ya mji, ambaye huizunguka nyumba na kuandika alichokiona, na ripoti hiyo hupaswa kuwapo mkononi mwa mnunuzi anayekuja kutazama. Mtathmini havunji ukuta wala hachimbi. Huandika yanayoonekana tu. Wenyeji hulalamika kwamba ni ya juujuu, na wengi humwita mkaguzi wao wa pili. Hata hivyo, ufa ulioandikwa kwenye karatasi ya mji hauwezi kupakwa rangi.

Scotland nao, tangu Desemba 2008, humtaka muuzaji atoe ripoti ya hali ya nyumba kabla ya kuiuza, iliyoandikwa na mpimaji wa taaluma hiyo. Kinachonivutia katika mifano yote miwili ni kwamba gharama iko kwa muuzaji na ripoti ni moja kwa wanunuzi wote. Hapa kwetu wanunuzi watano wanaweza kuwalipa mafundi watano kuutazama ufa mmoja, au, kama kawaida yetu, wote watano wasimlipe yeyote.

Jambo la mwisho ni la dalali. Massachusetts, ambako wakaguzi wana leseni ya jimbo, wakala wa muuzaji hakubaliwi kumwelekeza mnunuzi kwa mkaguzi fulani. Mkaguzi anayeletewa kazi na dalali hujifunza upesi kutoharibu biashara.

Mama Wawili (Ngaramtoni)

Ninauliza kwa wema tu. Nyumba yangu iko Ngaramtoni, ambayo iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, nje ya Jiji. Ndugu yangu yuko Tengeru, ambako ni Meru. Watu wanaonunua sasa wananunua huku pembezoni, kwa kuwa mjini hakushikiki. Jiji likitoa leseni yake, mkaguzi wake atageuka na kurudi akifika kwenye kibao cha mpaka? Na anayenunua kwa hati ya mauziano ya serikali ya kijiji, asiye na hati miliki wala mkopo, nani atamshurutisha muuzaji wake kutoa ripoti?

Tena ongezeni maji kwenye orodha ya mzee. Huku kwetu visima vingi vina floraidi iliyo juu ya kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mnunuzi huonyeshwa kisima kama pambo. Meno ya watoto hayatakumbuka kwamba nyumba ilikuwa na dari la jipsamu.

Mhandisi wa Sakina

Dada wa Ngaramtoni amenipa sababu nzuri kuliko zangu. Ndiyo maana ninasema mtihani na orodha viwe vya taifa, na halmashauri ibaki na kazi ya kudai ripoti pale inapoweza.

Nimjibu pia mzee wangu, kwa heshima. Yapo yasiyoonekana kwa kifundo cha kidole. Ipo nyundo ya Schmidt, ambayo hugonga uso wa zege na kupima jinsi inavyodunda, na vipo vifaa vya kutafuta nondo ndani ya nguzo bila kuivunja. Lakini nyundo hiyo hukupa makadirio ya ugumu wa uso tu, na kifaa cha nondo hakikufikishi kwenye msingi uliofukiwa. Nikikagua nyumba iliyokamilika, theluthi muhimu kuliko zote sitaiona, nami sitasaini kwamba nimeiona. Katika ukanda wa bonde la ufa hilo si jambo dogo. Wenye umri wangu wanaikumbuka Julai ya mwaka 2007, wakati mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai ulipokuwa ukijiandaa kulipuka na matetemeko yakatikisa Arusha mpaka Nairobi.

Mtumishi wa Zamani

Niliwahi kufanya kazi katika idara ya ujenzi ya halmashauri moja ya kanda hii, ambayo sitaitaja. Mhandisi amekaribia mahali ambapo nilikuwa nikisubiri afike.

Msingi huonekana kwa siku chache tu katika maisha ya nyumba, nazo ni zile kati ya kuchimba na kufukia. Utaratibu wa kibali cha ujenzi huitaka halmashauri iwe na mtu wake pale: mwenye kibali hutakiwa kuita ukaguzi kwa hatua, kuanzia mtaro wa msingi, kisha nondo kabla ya zege kumwagwa, na kuendelea. Katika ofisi yetu tulikuwa wachache, usafiri ulikuwa pikipiki moja iliyosubiri mafuta, na kata zilikuwa nyingi. Mara nyingine mwenye nyumba aliita na hatukufika, naye akasubiri siku mbili, akamwaga zege, kwa sababu mafundi wanalipwa kwa siku. Mara nyingine hakuita. Na mara nyingine, naliandika hili nikijua mtanikasirikia, hatua ilisainiwa ofisini.

Lakini zilikuwapo pia nyumba tulizozikagua kweli, na taarifa zake zimo kwenye majalada: kina cha mtaro, aina ya udongo, unene wa nondo. Mnunuzi wa nyumba hizo hajui kwamba jalada hilo lipo, na akija kuliomba huulizwa yeye ni nani katika kiwanja hicho. Hati hupekuliwa kwa ada inayojulikana na fomu inayojulikana. Jalada la kibali halina upekuzi wake.

Kwa hiyo mkiwapa leseni wakaguzi mia moja leo, wote watasimama nje ya nyumba wakikisia kitu ambacho halmashauri iliwahi kukiona, au ilipaswa kukiona. Mimi ningeanzia hapo.

Mnunuzi wa Kusini (Arusha)

Nimeusoma mchango wa Mtumishi wa Zamani mara tatu, na nakiri kwamba umenihamisha nilipokuwa nimekaa. Nilikuja hapa nikitaka Jiji litoe leseni. Sasa naona kwamba nilikuwa ninaliomba Jiji liwasimamie watu wa nje kabla halijafungua kabati lake lenyewe.

Bado ninaitaka leseni, ila kwa sura nyingine. Mtihani ufanywe na bodi ya kitaifa, tena uwe na daraja la mafundi wazoefu wanaopimwa kwa vitendo, papo hapo kwenye nyumba yenye kasoro. Chuo cha Ufundi Arusha na VETA ya Moshi zinaweza kuisimamia kazi hiyo, na mzee wa Pasua hahitaji kurudi darasani kuandika insha. Mwenye leseni asikubaliwe kukarabati alichokikagua wala kupokea chochote kwa dalali, na awe na bima. Anayemtazamia mpwa wake bila malipo asiguswe. Kwa upande wa halmashauri, sheria ndogo iwe fupi: jalada la kibali lifanyiwe upekuzi kwa ada kama hati, na kama hakuna ukaguzi wa hatua uliofanyika, jibu la maandishi liseme hivyo. Jibu la "hakuna" lingetosha kunifanya nisite mwezi ule wa Januari.

Kuhusu swali la dada wa Ngaramtoni, anayenunua kwa hati ya mauziano ya kijiji, sina jibu, na sioni kama yeyote hapa amelitoa. Hana kibali, hana jalada, na muuzaji wake hana wa kumshurutisha.

Mhandisi wa Sakina

Hapo kwenye daraja la mafundi sikubaliani nawe. Fundi akisaini kwamba nguzo ni salama na ikawaua watu, bodi itamwadhibu kwa kumfutia nini? Mimi nikisaini vibaya, ninapoteza taaluma. Fundi aandike anayoyaona, uamuzi wa usalama abaki nao mhandisi.

Fundi Mstaafu (Pasua, Moshi)

Hilo la mhandisi ni haki. Mimi niandike ufa uko wapi na unakwenda wapi, yeye aseme kama nyumba ihamwe.

Mnunuzi wa Kusini, umeeleza mengi, lakini hujasema kama nyufa zako bado zinatembea. Ulizibandika alama?

Mnunuzi wa Kusini (Arusha)

Shikamoo, mzee wangu. Sikuzibandika alama yoyote. Niliziba tu.

Fundi Mstaafu (Pasua, Moshi)

Marahaba. Usizibe tena kwanza. Bandika kipande cha kioo kwa jipsamu juu ya ufa, kimoja kila chumba, na uandike tarehe kwa kalamu. Kioo kikipasuka, nyumba bado inakwenda. Jumamosi nitapanda gari la asubuhi kutoka Moshi nikiwa na mpira wangu wa maji, tuanzie chumba cha watoto. Mhandisi naye akiwa na nafasi, aje na nyundo yake. Nauli tu mtanirudishia, na sitaligusa koleo.